Moto Kwenye Shimo la Nane

Nikisema nilicheza gofu, watu hunitazama miguu kwanza, kisha hutazamana wao kwa wao. Mwanamke wa Sindeni, mtoto wa walima mahindi wa Handeni, na gofu, wapi na wapi? Huwa sijibu upesi. Nawaacha wacheke mpaka wachoke, halafu nawaambia kwamba nilicheza, tena kwenye baridi, tena nikiwa mzazi, na mwenye swali jingine aulize. Uwanja wenyewe haupo siku hizi. Ukitoka Korogwe kwenda Hale utaona mahindi mahali pale, na sina ugomvi na mahindi, watu lazima wale.

Nilikuwa mpokea simu katika shamba la mkonge. Siku nzima nilikaa mbele ya ubao wenye matundu na nyaya, nikiunganisha ofisi na korona, yaani kiwanda cha kukamulia mkonge, korona na gereji, gereji na Tanga mjini. Chumba changu kilikuwa na dirisha moja, nalo lilitazama shimo la kwanza la uwanja wa gofu. Wazungu wa shamba waliufyekesha uwanja ule kwa mikono ya manamba, yaani vibarua wa mkataba, wakaucheza peke yao. Miaka yote niliyofanya kazi chini yao niliwatazama wakipiga, wakikosa, wakijitukana kwa sauti ya chini. Nilijua nani anainua kichwa kabla ya wakati na nani anakunja kiwiko. Wao hawakujua kama dirisha lile lina mtu.

Uhuru ulipokuja, uwanja ulibaki vilevile, ila wachezaji walipungua. Mambo yaligeuka baadaye, mashamba yalipotaifishwa. Tuliitwa mkutanoni mbele ya korona tukaambiwa kila kitu sasa ni mali ya umma: mashine, nyumba, reli ya matroli, hata klabu. Wenzangu walishangilia nyumba. Mimi nilishangilia klabu. Kesho yake nikaenda kujiandikisha, na karani akaniambia klabu ni ya wanaume. Nikamwambia jana tumesikia wote kwamba ni ya umma, na mimi ni umma. Aliniandikisha huku akitikisa kichwa kama mtu anayeona mbuzi amepanda juu ya meza.

Fimbo zilikuwepo stoo, zimeachwa na wenyewe, zimeshika kutu. Mume wangu, ambaye alikuwa fundi gereji, alizisugua kwa mafuta ya taa mpaka zikang'aa. Nilicheza jioni baada ya kazi. Sikuwa hodari na wala sitadanganya hapa, lakini mpira wangu ulikwenda mbele, na hilo wanaume wengi wa klabu ile hawakuweza kulisema kwa uhakika.

Mwenyekiti wa klabu alikuwa bwana utumishi wa shamba, mtu nadhifu, mpole wa maneno, anayekukatalia huku akikushika bega. Hakupenda nicheze. Hakusema hivyo. Alisema, "Ndugu, sisi tunakujali." Mwaka ule nilipopata mimba, kujali kwake kukaongezeka. Katika mkutano wa wanachama alitoa kanuni mpya: mashindano ya Sabasaba yatakuwa ya lazima, mashimo tisa mara mbili, na mwanachama asiyemaliza siku hiyo nafasi yake atapewa mwingine. Mimba yangu wakati huo ilikuwa inaonekana mpaka barabarani. Kila mtu mle ndani alipiga hesabu ya miezi kimoyomoyo, na wote wakanitazama. Nilinyoosha mkono, nikasema naunga mkono kanuni. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga.

Nilijifungua salama, mtoto wa kike, na mama yangu akaja kutoka Sindeni kuniuguza. Alishuka kwenye basi Korogwe na kapu la pilipili manga, tangawizi, mafuta ya nyonyo, na mkaja wake mwenyewe, ule aliofungwa yeye tumbo aliponizaa mimi. Mkaja ni kitambaa kirefu anachofungwa mwanamke kiunoni baada ya kujifungua ili mwili urudi na baridi isipate pa kuingilia. Wa mama ulikuwa wa kitambaa cha marekani, umefuliwa mpaka umekuwa laini kama sikio la mtoto. Alinifunga kila asubuhi, goti lake limekaza mgongoni mwangu, akivuta kama anayefunga mzigo wa kuni.

Inafaa niseme hapa kwa nini mama aliogopa baridi. Alikuwa na mdogo wake wa kike, mama yangu mdogo, aliyejifungua Sindeni wakati wa kipupwe. Hakutimiza hata wiki akaenda kuoga mtoni, kwa kuwa alikuwa kijana na amechoka kukaa ndani. Alirudi anatetemeka, na hakuacha kutetemeka mpaka alipofariki. Waganga wa hospitali wanaweza kueleza wanavyojua. Mama alijua alichokiona: alimshika mgongo, ukawa baridi kama mtungi. Tangu siku hiyo, kwa mama, mzazi hupimwa mgongoni.

Kwa hiyo nilipomwambia kwamba nimeshavuka arobaini na Sabasaba nitakwenda kucheza, aligeukia sufuria. Alikoroga uji. Baadaye akasema, "Mtu mzima na akili zako, ukapigwe manyunyu kwa ajili ya kijimpira."

"Si kijimpira, mama. Wanataka kunitoa."

"Wakikutoa utakufa?"

"Sitakufa."

"Basi."

"Nisipokwenda watasema niliacha mwenyewe," nikamwambia. "Kunitoa wanitoe, lakini wasinisingizie."

Mama aliepua uji. Alikuwa mwanamke wa kunyamaza, na katika kunyamaza kwake ndimo alimokuwa akipanga mambo.

Watu wa Lushoto watacheka wakinisikia nasema Korogwe kuna baridi. Wacheke. Sisi tuliozaliwa bondeni hatuna mwili wa mlimani, na kipupwe kile mawingu yalishuka kutoka Usambara yakalala juu ya mkonge tangu alfajiri, na manyunyu hayakuwa mvua wala hayakuwa ukungu, yalikuwa ya kuudhi tu. Mume wangu, ili asionekane mtu asiyejali, alikwenda sokoni Korogwe akaninunulia koti la kafa Ulaya, yaani mtumba, nguo za marehemu wa huko kama tulivyoamini wote. Koti lilikuwa la sufu nzito, la mtu mpana, linanuka dawa ya nondo. Nililivaa juu ya sweta juu ya gauni juu ya mkaja. Nilitembea kwenda klabu nikiwa na joto la kutosha kuotesha mbegu, na mama nyuma yangu na nusu debe.

Hilo debe nalieleza. Lilikuwa debe la mafuta ya kula lililokatwa katikati, limetobolewa matundu ubavuni, limetiwa waya wa kushikia, na ndani makaa mekundu. Walinzi wa korona walikuwa nayo kama hayo. Mama aliliazima kwa mmoja wao bila kuniuliza. Mwenyekiti alipoliona alikuja na tabasamu lake.

"Shikamoo mama. Lakini hapa si jikoni, mama yangu."

"Marahaba," mama akasema. "Najua. Jikoni kuna paa."

Kanuni za mavazi zilikataza kanga uwanjani, zikakataza miguu mitupu, zikakataza mambo mengi. Moto hazikuutaja, maana aliyeziandika hakuwahi kucheza na mzazi. Kamati ikaamua mama aruhusiwe kukaa pembeni ya njia, asikanyage duara. Duara nalo lazima niwaeleze. Uwanja wetu haukuwa na majani laini pale penye shimo, kwa kuwa jua la bondeni haliyaachi. Palikuwa na duara la mchanga uliochanganywa na oili chafu ya injini, ili upepo usiupeperushe na mpira uende vizuri. Oili ilitoka gereji. Jana yake mume wangu ndiye aliyeimwaga, na kwa sababu mke wake anacheza, aliimwaga kwa ukarimu.

Nilipangwa kucheza na mgeni, fundi wa umeme kutoka kwenye mitambo ya Hale, mtu wa makamo aliyevaa glavu za ngozi mikono yote miwili na bado anatetemeka. Alinisalimu kwa heshima, akaniuliza mtoto anaitwa nani. Nilimpenda hapohapo.

Pigo langu la kwanza sitalisahau. Nilisimama, nikainua fimbo, na koti likakataa. Mabega ya marehemu yule yalikuwa mahali pengine na yangu mahali pengine. Mikono ilifika usawa wa kifua ikagota. Nikapiga hivyohivyo, na mpira ukaruka pembeni mara moja, mara mbili, kama chura aliyemwagiwa maji ya moto, ukaingia kwenye mkonge. Wanaume waliokuwa barazani walicheka, mwenyekiti hakucheka. Aliita kwa sauti ya huruma, "Ndugu, baridi ikikushinda si aibu."

"Koti ndilo limenishinda," nikasema. Nikalivua nikamtupia mama.

Mama alilivaa. Mpaka mwisho wa siku ile alitembea uwanjani ndani ya koti lile linalomfika kwenye vifundo, debe mkononi, hatua ndefu, na kama ungemwona kwa mbali kwenye ukungu ungedhani meneja wa zamani amerudi kudai shamba lake.

Bila koti nilikuwa na mkaja, sweta na hasira. Nawaambia, vinatosha. Baridi ya gofu haikai mabegani kama watu wanavyodhani, inakaa vidoleni. Kidole kikifa ganzi, fimbo inageuka gogo. Kwa hiyo kila nilipopiga nilikwenda pembeni kwa mama, nikanyoosha mikono juu ya debe, nikageuza, nikarudi. Alinipaka mafuta ya nyonyo kwenye vifundo vya mikono na akaninywesha uji wa pilipili manga kutoka kwenye chupa. Uji ule ukishuka unajua ulipo. Fundi wa Hale alitutazama mashimo matatu, la nne ustaarabu ukamshinda, akaja na yeye akanyoosha glavu zake. Mama akamwambia avue. "Unaota moto na ngozi ya ng'ombe?" Akavua. Akapewa na uji.

Nilimaliza mzunguko wa kwanza nikiwa nyuma ya watu wote isipokuwa mhasibu wa shamba. Wifi yangu alikuwa ameniletea mtoto klabuni, nikakaa kwenye kiti cha baraza, kile cha mto wa ngozi alichokuwa akikalia bwana mkubwa enzi zake, nikamnyonyesha. Mwenyekiti alikuja akasimama akiwa ameangalia ukuta. Alisema labda ingefaa niende nyumbani na mtoto, manyunyu yanazidi, hakuna atakayenilaumu. Nikamwuliza kama nikienda nafasi yangu itabaki. Akasema kanuni ni kanuni. Nikamwambia basi na aniletee chai, kama ananijali.

Chai aliileta mhudumu. Nikainywa yote.

Mzunguko wa pili ulikuwa mbaya. Gauni lilikuwa limelowa mpaka magotini, viatu vinatoa sauti ya kuku, na makaa ya mama yalikuwa yanapungua, akawa anaokota vijiti kwenye mkonge na kuyapulizia. Kwenye shimo la sita nilianza kutetemeka ndani kwa ndani, pale chini ya mkaja, mahali ambapo hakuna moto unaofika. Niliogopa. Sijawahi kumwambia mtu, lakini niliogopa kwamba mama alikuwa sahihi na mimi nimekuwa mpumbavu, na nikamkumbuka mama mdogo ambaye sura yake hata siijui vizuri. Nikapiga mpira. Nikatembea. Nikapiga tena.

Shimo la nane mpira wangu ulipanda kwenye duara na kusimama hatua chache tu kutoka tunduni. Nikainama kuusukuma, na mikono ikacheza. Nikainuka, nikainama tena. Mikono ilikuwa inacheza ngoma yake yenyewe. Mama aliona akiwa pembeni. Yeye hakujua kanuni ya gofu hata moja, ila ile ya kutokanyaga duara aliijua, alikuwa ameambiwa tangu asubuhi na ameitii mashimo kumi na sita. Akaja moja kwa moja, akaliweka debe mchangani mbele ya miguu yangu, akanishika mikono akaivuta juu ya makaa.

Debe lile lilikuwa limeoza chini. Hakuna aliyejua, hata mlinzi mwenyewe. Joto la siku nzima lilikuwa limemaliza kutu iliyobaki, na mama alipolisogeza kidogo ili linifikie, kitako kikabaki mchangani pamoja na makaa yote, na yeye amebaki na waya na bati. Tulitazama chini sote wawili. Oili ya mume wangu, ile ya ukarimu, ilianza kufuka. Ulitoka moshi mweusi mzito, kisha ulimi mdogo wa moto mwekundu, mfupi, ukatembea polepole ukingoni mwa duara kama mtu anayetafuta kitu alichodondosha.

Fundi wa Hale alisema, "Dawa ya moto ni moto," lakini nadhani alikuwa amechanganyikiwa tu.

Moshi ulionekana uwanja mzima. Wachezaji walikuja kutoka kila shimo, fimbo mabegani, wamelowa, midomo imewabadilika rangi. Walikuja kuzima. Lakini mtu aliyepigwa manyunyu tangu asubuhi akifika kwenye moto, mikono yake inafanya uamuzi bila yeye. Mmoja alinyoosha. Mwingine akanyoosha. Alipofika mwenyekiti, wanachama wake walikuwa wamezunguka duara viganja mbele, na mhasibu amegeuza mgongo ili apate upande wa pili. Mwenyekiti alisema maneno mengi kuhusu mali ya umma. Aliyasema akiwa amenyoosha mikono na yeye. Nilimwona.

"Ndugu," akaniambia hatimaye, "shimo limeungua. Huwezi kumaliza. Nasikitika."

Mpira wangu ulikuwa bado pale, mweupe, na moto ulikuwa umebaki ukingoni. Nikasema, "Shimo haliungui, Ndugu Mwenyekiti. Kilichoungua ni mchanga."

"Tundu lipo," fundi wa Hale akasema. "Mimi naliona."

Nikavua viatu vilivyolowa? La, nilivibakiza, nashukuru, maana mchanga ule ulikuwa unachoma kwenye soli. Niliingia kwenye duara. Nilimtegemea mama anishike gauni anirudishe, na kama angenishika nisingebishana naye, nguvu za kubishana na mama sikuwa nazo tena. Alisimama kwenye koti lake la meneja, macho yamejaa machozi ya moshi, akanitazama mikono. Haikuwa inatetemeka.

"Piga, mwanangu," akasema. "Piga ungali na moto."

Nikapiga. Mpira ulipita kwenye oili, ukageuka mweusi, ukakosa. Nikapiga tena, ukaingia, na kwa wasiojua, mpira unapoingia kwenye kopo la chini hutoa mlio mdogo wa bati. Niliusikia. Mwenyekiti naye aliusikia. Nikainama nikauokota ukiwa moto kiganjani, nikaenda kucheza shimo la tisa na mpira mweusi, na wanaume wakabaki wanamwagia mchanga mwingine juu ya ule unaowaka, taratibu, hakuna aliyekuwa na haraka ya kuuzima.

Nilimaliza wa mwisho. Hata mhasibu alinishinda. Kamati ilikaa jioni ileile, mwenyekiti akataka nifutwe kwa kuharibu uwanja, na fundi wa Hale, ambaye hakuwa hata mwanachama, akauliza kwa adabu kanuni ilisema kushinda au kumaliza. Wakaangaliana. Mchanga, mtu mmoja akasema, ni wa kuzoa mtoni, na oili gereji imejaa. Nafasi yangu ikabaki.

Nyumbani mama alikuwa ameshachemsha maji. Hakuniuliza kitu mpaka alipomaliza kunikanda. Alifungua mkaja polepole, umelowa jasho na una harufu ya moshi wa injini, akauweka begani mwake. Halafu akaweka kiganja chake mgongoni kwangu, chini kabisa, mahali alipomshika mdogo wake. Akakiacha pale. Mtoto alikuwa amelala, na mume wangu alikuwa nje anajifanya anapasua kuni.

"Una moto," mama akasema.

"Ndiyo, mama."

"Wamekutoa?"

"Hawakunitoa."

Akaukunja mkaja mara mbili, akaukunja tena, akauweka kwenye kapu lake la Sindeni.

"Kipupwe kijacho uniambie mapema," akasema. "Nitafute debe ambalo halijaoza."